Shule zikifungwa, milima ya Ulaya yafurika

WAZAZI wa Mombasa na Nairobi waijua vyema ile wiki ya Disemba shule zikishafungwa. Nauli ya basi hupanda kwa usiku mmoja, treni haina nafasi, na hoteli za Diani na Malindi, ambazo mwezi Mei zilikuwa zikibembeleza wageni, sasa zafanya kiburi. Mwenye hoteli hana haja ya kubembeleza. Ajua kwamba mwenye watoto hana siku nyingine ya kwenda.

Ulaya nako wana wiki yao kama hiyo, ila yao haiko pwani. Yaangukia mwezi Februari, katikati ya baridi, na waendako ni milimani, kuteleza juu ya theluji kwa mbao mbili ndefu zilizofungwa miguuni. Mchezo huo waitwa skii.

Msomaji atakayeuliza mtu wa Kisauni ameyajuaje hayo, namjibu kwamba nina mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye ni muuguzi mjini Vienna, huko Austria. Ameolewa huko na mwenyeji. Wana watoto wawili, wa kiume miaka kumi na wa kike saba. Februari 2024 nilikuwa mgeni wao, nami nikapakiwa garini pamoja na mizigo mingine ya safari.

Theluji kwa jina naijua tangu utotoni. Chuoni tulifundishwa ile dua ya kufungulia sala ambamo mja huomba aoshwe makosa yake kwa maji, kwa theluji na kwa mvua ya mawe. Tukamwuliza maalim wetu, Mungu amrehemu, theluji ni kitu gani. Akatupeleka mpaka mlangoni, akatuonyesha kipande cha barafu kilichodondoka kutoka gari la samaki. Akasema, "Hii ni ndugu yake, ila yeye ni laini." Tukaridhika. Ilinichukua miaka zaidi ya arobaini kuthibitisha kwamba maalim alisema kweli.

LIKIZO ILIYOZALIWA NA UHABA

Jambo la kwanza lililonishangaza ni asili ya likizo yenyewe. Nalidhani Wazungu waliiweka kwa sababu ya starehe. La hasha. Iliwekwa kwa sababu ya ukosefu wa mafuta.

Wazee watakumbuka vita vya Oktoba 1973 baina ya Waarabu na Israeli, na jinsi nchi za Kiarabu zilivyoyafungia mataifa makubwa bomba la mafuta. Bei ya petroli ilipanda dunia nzima, na Kenya hatukusalimika. Austria nao walibanwa. Kuanzia Januari 1974 kila mwenye gari alitakiwa achague siku moja katika wiki ambayo hatatia gari lake barabarani, na siku hiyo aibandike kwenye kioo ili polisi waione. Halafu, mwezi Februari, serikali ikazifunga shule kwa wiki nzima, kwani shule ni majumba makubwa na kuyapasha moto wakati wa baridi kulikula mafuta mengi. Watu wakaiita likizo ya nishati, na wazee wa Vienna hadi leo waiita hivyo.

Wala Austria hawakuwa wa kwanza. Waswidi walifunga shule zao mnamo 1940, wakati wa vita vikuu, ili kuokoa makaa. Uswisi nao, katika vita hivyo hivyo, walifanya vivyo hivyo. Vita vikaisha, makaa yakarudi, mafuta yakarudi, lakini likizo haikurudishwa ilikotoka. Watoto waliokuwa nyumbani kwa wiki nzima walihitaji la kufanya, na wenye nyumba za wageni milimani walikwisha kuona kwamba huo ni mlango wa riziki. Likizo iliyowekwa ili mafuta yasichomwe, leo ndiyo wiki ambayo malaki ya magari huchoma mafuta kupanda milima.

Nilipomweleza hayo mume wa mpwa wangu, alicheka sana. Yeye ni mtu wa Vienna, mtoto wa dereva wa tramu, na hakuwa amewahi kulitazama jambo hilo kwa upande huo.

KUGAWANA WIKI

Sasa, kama nchi nzima ingefunga shule wiki moja, mlima usingetosha. Kwa hiyo wamegawana zamu, kama wanawake wetu wanavyogawana zamu kwenye bomba la maji. Austria wana zamu tatu. Wiki ya kwanza ya Februari ni ya Vienna na Austria ya Chini. Ya pili ni ya Tirol, Salzburg, Vorarlberg, Carinthia na Burgenland. Ya tatu ni ya Styria na Austria ya Juu. Ufaransa wameikata nchi yao mapande matatu kwa herufi A, B na C, na kila pande hupata wiki mbili: Paris ina zamu yake, Lyon yake, Marseille yake. Wacheki hugawana wilaya kwa wilaya, na zamu zao huendelea wiki sita. Waswidi, Waholanzi, kila mmoja ana hesabu yake.

Hesabu hizo ni siasa tupu. Walimu wataka muhula usikatwekatwe. Wenye hoteli milimani wataka zamu zitandazwe, wageni waje kwa wiki nyingi badala ya kufurika wiki mbili na kutoweka. Na mzazi, ambaye ndiye mlipaji, huletewa kalenda ikiwa tayari imechapishwa.

Pamoja na zamu zote hizo, msongamano haukwepeki, kwa sababu moja ndogo: nyumba za milimani hukodishwa kutoka Jumamosi hadi Jumamosi. Anayetoka atoka Jumamosi, na anayeingia aingia Jumamosi. Ufaransa wana idara ya kutabiri hali ya barabara tangu 1976, nayo huzipaka siku rangi: kijani, machungwa, nyekundu, na siku mbaya kupita zote hupakwa nyeusi. Iko njia moja ipandayo bonde la Tarentaise, kupitia Albertville palipofanyiwa Olimpiki ya baridi ya 1992, ambayo ndiyo mlango wa miji mingi mikubwa ya skii. Jumamosi ya tarehe 27 Disemba 2014, likizo ya Krismasi, theluji na barafu ziliifunga njia hiyo na nyinginezo za Savoie. Maelfu ya magari yalikwama, na familia zikalala katika kumbi za michezo na majengo ya serikali, watoto wakiwa wamevaa nguo za safari.

Sisi hatukufikwa na makubwa kama hayo. Ijumaa watoto walipewa ripoti zao za nusu mwaka shuleni, na Jumamosi alfajiri tukaondoka. Mimi niliwekwa kiti cha nyuma baina ya watoto wawili, na mabuti ya skii magotini pangu kama mtu aliyepakata mbuzi. Safari ni ya kilomita zipatazo 350, kutoka Vienna hadi milima ya Salzburg, na kwa siku ya kawaida huchukua muda wa saa nne. Sisi tulitumia saa saba. Mbele yetu na nyuma yetu kila gari lilikuwa na sanduku jeusi juu ya paa, mrefu kama jeneza, na ndani yake mbao. Hakuna aliyepiga honi. Hilo liliniudhi zaidi kuliko foleni yenyewe, kwani mtu akikwama hapa kwetu Changamwe angalau hupata faraja ya kupiga kelele.

MIA MOJA NA KUMI

Jioni ya kwanza nilimwuliza mpwa wangu swali la kijinga la mgeni: kwa nini hawakuja mwezi Januari, baada ya mwaka mpya, wakati chumba hicho hicho ni rahisi na mlima ni mtupu?

Akaniambia, "Mjomba, hapa mtoto kukosa shule ni kesi."

Na kweli ni kesi. Mwaka huo wa 2024 sheria ya Austria ilisema mzazi amkoseshaye mtoto shule bila ruhusa aweza kutozwa faini, kuanzia euro 110 hadi 440. Ujerumani, katika jimbo la Bavaria, mwaka wa 2018 polisi walisimama kwenye viwanja vya ndege siku za kabla ya likizo, wakawauliza wazazi walioandamana na watoto wa umri wa shule kama wana ruhusa. Uingereza kesi moja ilikwenda mpaka Mahakama ya Juu kabisa. Bwana Jon Platt wa kisiwa cha Wight alimtoa binti yake shuleni kwa wiki moja mwaka wa 2015 wakaenda Florida, akatozwa pauni 60, akakataa, zikawa 120, akakataa. Alisema binti yake huhudhuria vizuri siku nyingine zote. Aprili 2017 majaji wakamkatalia: kuhudhuria ni kuhudhuria kama shule ilivyopanga, si kama mzazi apendavyo. Tangu Agosti 2024 faini hiyo ya Uingereza ni pauni 80 kwa alipaye upesi, na 160 kwa achelewaye.

Sasa tazama hesabu wanayoifanya wazazi. Wapo Ulaya wasemao waziwazi kwamba faini ni nafuu kuliko tofauti ya bei ya wiki ya likizo na wiki ya kawaida. Mimi sikuipenda hoja hiyo. Mtoto ajifunzaye kwamba sheria ni kitu cha kulipiwa amejifunza somo kubwa kuliko lolote aliloliacha darasani. Lakini pia sikuweza kumlaumu anayeifanya, maana aliyempandishia bei mzazi huyo ndiye aliyemfundisha kupiga hesabu.

Mpwa wangu alinionyesha daftari. Tikiti ya kupandia magari ya kamba katika milima mikubwa ya Austria yazidi euro 70 kwa siku kwa mtu mzima, yaani zaidi ya shilingi elfu 10 za kwetu. Mtoto hulipa kama nusu. Ongeza kodi ya nyumba, mafunzo ya watoto, mbao za kukodi, chakula. Kwa wiki moja familia ya watu wanne ilitumia fedha kupita mshahara wake wa mwezi mzima. Walianza kuweka akiba mwezi Machi wa mwaka uliotangulia.

Nikamwuliza kama kuna ulazima. Akanyamaza kidogo, ndipo akanieleza. Mwaka wa nyuma hawakwenda. Jumatatu ya kurudi shule mwalimu aliwaambia watoto waeleze wiki yao ilikuwaje. Mmoja baada ya mwingine akataja mlima. Kijana wake, alipofikiwa, akasema hakufanya kitu. Mtoto mwenzake akamwambia hiyo si ajabu, watu wa rangi yako hawajui skii. Mwalimu alimkemea mtoto huyo, lakini neno likishatoka limetoka. Yule kijana hakumwambia mama yake mpaka zilipopita wiki tatu.

"Mimi nilikuja hapa mtu mzima," mpwa wangu akaniambia. "Baridi yao naivumilia kama kazi. Lakini wanangu wamezaliwa hapa. Sitaki wawe wageni katika nchi yao wenyewe kwa ajili ya mbao mbili."

Sikuwa na jibu. Nilikunywa chai.

MTOTO WA KILIFI

Haifai msomaji adhani kwamba Wazungu wote wenda skii. Ufaransa, nchi yenye milima mirefu kupita yote ya Ulaya Magharibi, waendao kuteleza kila msimu hawafiki mmoja kwa kumi. Waliobaki huona theluji kwenye televisheni, kama sisi. Wakuu wa elimu waliliona hilo zamani. Mwaka wa 1953 shule moja ya Vanves, karibu na Paris, ilichukua darasa zima ikalipeleka La Féclaz katika milima ya Savoie, asubuhi masomo na alasiri theluji, na tajiri na maskini wakala sahani moja. Mfano huo ukaenea Ufaransa nzima. Austria nako shule nyingi zilikuwa na wiki yao ya skii, na ndivyo mume wa mpwa wangu alivyojifunza. Baba yake dereva wa tramu asingeweza kumpeleka. Siku hizi safari kama hizo zimepungua, kwa gharama, na mzigo umerudi mgongoni kwa mzazi.

Mchezo wenyewe ulianza kama usafiri. Wanorwe walitumia mbao hizo kwendea kazi zao, kama sisi tutumiavyo mtumbwi, na mtu mmoja wa Telemark, Sondre Norheim, aliyezaliwa 1825, ndiye asifiwaye kwa kuufanya kuwa sanaa. Austria walimpata Hannes Schneider wa Arlberg, aliyebuni namna ya kuwafundisha wageni hatua kwa hatua. Manazi walimkamata 1938, na mwaka uliofuata akahamia Marekani.

Mimi nilikaa chini, kwenye uwanja wa watoto wadogo, nikiwa nimefungwa makoti matatu. Hapo ndipo palipo na raha ya kweli. Kuna ukanda wa mpira uendao wenyewe kupanda mlima, na mtoto asimama juu yake akachukuliwa taratibu hadi kileleni. Wao waliita zulia la uchawi. Nami nikakumbuka zulia la Nabii Suleiman katika hadithi za bibi, lililochukua majeshi mbinguni. La hapa lachukua watoto wa miaka minne wenye makamasi. Mwalimu akitaka wapunguze mwendo huwaambia wafanye "pizza", yaani ncha za mbao zikutane mbele na nyuma zitanuke. Mpwa wangu mdogo aliniuliza kama nimeona pizza yake. Nikamwambia kwa macho yangu ile ni sambusa. Toka siku hiyo alifanya sambusa, na mwalimu wake akashindwa kuelewa.

Mlimani kwenyewe palikuwa kama Marikiti siku ya mkesha wa Idi. Foleni ya viti vya kamba ilizunguka mara tatu. Katika umati kama huo ajali si mbali, ndiyo maana mikoa mingi ya Austria imeamuru watoto wavae kofia ngumu. Tena ziko kanuni kumi za chama cha kimataifa cha skii, zilizowekwa 1967, na moja yao niliipenda: ateremkaye kutoka juu ndiye mwenye jukumu la kumwepuka aliye chini yake, maana aliye chini hana macho mgongoni.

Siku ya tatu yule binti mdogo aliulizwa na mwenzake kwenye foleni ya zulia, kwa wema tu, kama Afrika kuna skii. Akajibu kwamba kuna Sabrina.

Sabrina Simader, kwa asiyemjua, ni mzaliwa wa Kilifi, mwaka wa 1998. Mama yake alihamia Austria naye akiwa mtoto mdogo sana, akalelewa milimani. Mwaka wa 2018 huko PyeongChang, Korea Kusini, aliteremka mlima kwa bendera ya Kenya, mwanamke wetu wa kwanza katika Olimpiki ya baridi. Kabla yake alikuwako Philip Boit wa bonde la ufa, aliyekimbia kilomita kumi za skii ya tambarare mjini Nagano 1998. Alimaliza wa mwisho, lakini mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngojea ukingoni mwa mstari akamkumbatia, na Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Hadithi ya Boit yajulikana Kenya nzima. Ya binti wa Kilifi yajulikana zaidi Austria kuliko Kilifi. Mwalimu wa skii wa watoto wale, mzee wa makamo, alimkumbuka mara moja kutoka televisheni. Alipoambiwa kwamba babu huyu mwenye makoti atoka pwani hiyo hiyo, alinipa mkono upya.

Usiku ule niliandika ubeti mmoja, nao ni huu:

Theluji nimeiona, nyeupe kama hariri,
Watoto wakishikana, washuka bila hadhari,
Na baba yao aguna, kwa bei iso kadiri,
Kila penye tamu sana, mlango una tajiri.

Mpwa wangu aliusoma akasema mumewe haguni, bali anakoroma.

MAJANI CHINI YA MLIMA

Lakini hariri ile ilikuwa na matundu. Februari ya 2024 ilikuwa yenye joto kupita Februari zote tangu Austria waanze kuweka vipimo, na vipimo vyao vyatoka karne ya kumi na nane. Juu kileleni theluji ilikuwako. Chini, tulikokaa, bonde lilikuwa kijani kama Shimba Hills baada ya masika, na katikati ya kijani hicho ukashuka ukanda mmoja mweupe, upana wa barabara, watu wote wakiwa juu yake. Theluji ile haikutoka mbinguni. Usiku nilisikia mngurumo nikadhani ni ndege. Kumbe ni mizinga: mashine zirushazo maji hewani kwa nguvu ya umeme, yakaganda kabla hayajatua. Sehemu kubwa ya njia za skii za Austria zina mizinga hiyo, na maji yake huwekwa katika mabwawa yaliyochimbwa mlimani. Ila mizinga nayo yataka baridi. Kukiwa na joto hata tajiri hana la kufanya.

Au hufanya vioja. Februari 2020, katika milima ya Pirenei, kituo cha Luchon-Superbagnères kilikosa theluji chini, na likizo za shule ndizo hizo. Wakakodi helikopta ikachota tani zipatazo 50 juu ya mlima na kuzimwaga pale wanapofundishiwa watoto. Ufaransa nzima ilipiga kelele, mawaziri wakakemea. Wenyewe walijibu kwamba bila ukanda ule wa watoto, shule ya skii ingefungwa na familia zingeondoka, na wenye kazi wangelala njaa katika wiki iliyopasa kuwalisha mwaka.

Mwenye nyumba yetu alikuwa mama wa makamo, mjane, mfugaji wa ng'ombe wanane. Vyumba vitatu vya juu huvikodisha. Niliongea naye jioni, mpwa wangu akitafsiri. Nikamwuliza kama hachoki na kelele za watoto. Akasema wiki za Februari ndizo ng'ombe wake, hao wengine ni mapambo. Wiki ya Vienna, halafu wiki ya mikoa, halafu Waholanzi na Wajerumani; zikipita hizo, asubiri mpaka kiangazi. Marehemu mumewe alifanya kazi kwenye magari ya kamba, na mwanawe yuko huko sasa. Alipokuwa msichana, akasema, theluji ya Februari ilifika dirishani hapo, akaonyesha kwa mkono mahali palipokuwa na maua ya manjano yaliyochanua kabla ya wakati wake.

Nikamwuliza kama mwanawe ataendelea na kazi ya kamba. Mpwa wangu hakuitafsiri kauli hiyo. Aliniambia kwa Kiswahili, "Mjomba, hilo usiulize."

Kijana wetu, siku ya tano, aliteremka kutoka kituo cha kati hadi chini bila kuanguka, baba yake akimfuata nyuma. Sikuona mwanzo wake, niliona mwisho tu: mtoto mwekundu wa koti, amechuchumaa, anakata kona mbili tatu, akasimama mbele yetu akatumwagia theluji. Hakusema neno. Alimtazama mama yake kwanza, ndipo akavua kofia. Mpwa wangu alijifanya anatafuta kitambaa mkobani.

Jumamosi alfajiri mama mwenye nyumba alikuwa amekwisha kutoa mashuka ya chumba cha jirani, na gari la kwanza la wageni wa zamu ya pili lilikuwa linangoja nje, mapema kabla ya saa. Akafungua daftari lake la mwaka ujao mezani kwenye chai. Wiki ya Vienna ya Februari 2025, akasema, amebakiwa na chumba kimoja, ila ataka arbuni leo. Hataweza kuirudisha theluji isiponyesha.

Mume wa mpwa wangu alitazama nje, kwenye ukanda mweupe ambao tangu Jumatatu ulikuwa umepungua upana kwa hatua kama mbili. Akasema labda wangoje hadi Oktoba, waone. Watoto wakaacha kula. Mpwa wangu akafungua mkoba, akahesabu euro mia mbili, akaziweka juu ya daftari. Mumewe akainuka akaenda kufunga mbao juu ya gari.